Ndoana na Chambo Viingie Darasani

Katika vitabu vya kigeni vinavyoeleza uvuvi wa ndoana, samaki anayesifiwa kuliko wote ni trauti. Kurasa nyingi zimeandikwa juu ya jinsi ya kumvua kutoka kwenye mashua kwa kuchezesha mshipi, na juu ya chambo kinachomfaa asubuhi, mchana na jioni. Trauti hakuwapo Afrika Mashariki hapo zamani. Mwaka 1905 Wazungu walileta mayai yake Kenya, yakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na baadaye samaki huyo alifikishwa pia katika mito ya baridi ya Kilimanjaro. Mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu aweza kumaliza masomo yake yote ya sekondari, na maisha yake yote pia, asimwone trauti hata mmoja.

Je, habari za trauti zina faida gani kwake? Jibu langu ni kwamba zina faida kubwa, ila si ile iliyokusudiwa na waandishi wa vitabu hivyo. Faida yake haimo katika samaki, bali katika namna ya kufikiri. Mtu achaguaye chambo kwa makini anauliza maswali ya sayansi: samaki huyu yuko wapi saa hii, anaona nini, ananusa nini, na kwa nini ale kitu hiki aache kile? Maswali hayo hayo yaweza kuulizwa juu ya kambare na perege wa Malagarasi. Nasikitika kwamba katika shule zetu nyingi hayaulizwi. Mto upo karibu, samaki wapo sokoni kila wiki, lakini somo la biolojia hufundishwa kana kwamba viumbe wote wenye maana huishi ng'ambo.

Makala haya yana hoja moja. Uchaguzi wa chambo ufundishwe kama somo la majaribio katika shule za sekondari za nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu ujuzi huo utaisaidia jamii kuepukana na madhara mawili makubwa: uvuvi wa sumu, na uhamishaji wa samaki hai kutoka bonde moja la mto kwenda jingine.

Siri ya mshipi unaochezeshwa

Tuanze na trauti mwenyewe. Samaki huyu hustawi katika maji yenye joto la nyuzi 10 hadi 16 za Sentigredi. Joto lipitapo nyuzi 20 huanza kutaabika. Sababu moja inaeleweka kwa kila mwanafunzi wa kemia: maji ya moto hayawezi kubeba oksijeni nyingi kama maji ya baridi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba oksijeni ipatayo miligramu 11.3, maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8.3 tu. Zaidi ya robo imepotea. Wakati huo huo, mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe, hivyo maji yanapopata moto, mwili nao hupata moto na kudai oksijeni zaidi. Mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka.

Kwa hiyo, majira ya joto yanapofika katika nchi za baridi, trauti wa maziwani huondoka juu na kushuka kwenye tabaka la chini lenye ubaridi. Mvuvi aliye ukingoni hawezi kumfikia. Hapo ndipo mashua inapohitajika. Mvuvi hushusha mshipi wima, akiwa amefunga chambo bandia cha madini kinachong'aa, au ndoana yenye chubwi na kipande cha nyama. Kikigusa chini, hukiinua ghafla kiasi cha mkono mmoja, kisha hukiacha kianguke polepole. Hurudia hivyo tena na tena. Aghalabu samaki hushambulia wakati chambo kinapoanguka, maana kitu kinachopepesuka na kuzama hufanana na samaki mdogo aliyejeruhiwa. Mnyama mwindaji hapendi kupoteza nguvu; aliyejeruhiwa ni riziki rahisi.

Katika maelezo hayo mafupi tumekutana na fizikia ya tabaka za maji, kemia ya oksijeni iliyoyeyuka, na biolojia ya tabia za wanyama. Mvuvi aliyeyatumia yote hayo huenda hakusoma darasani hata siku moja.

Kanuni haihami pamoja na samaki

Hata hivyo, mwanafunzi aangalie asiichukue kanuni ya trauti na kuipeleka kila mahali. Tuchukue mfano wa Ziwa Tanganyika, ambalo hupokea maji ya Malagarasi. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, na katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kirefu zaidi. Mtu aliyesoma kitabu cha trauti angedhani kwamba samaki wakubwa wamejificha huko chini kabisa. Angekosea. Joto la Tanganyika halipungui sana kutoka juu hadi chini. Maji ya kilindini bado ni ya nyuzi 23 hivi. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyazuia maji ya chini yasichanganyike kikamilifu na ya juu, na kwa kuwa hayachanganyiki, oksijeni haifiki chini. Kuanzia kina cha mita 100 upande wa kaskazini, na mita 200 na kitu upande wa kusini, karibu hakuna oksijeni. Sehemu kubwa mno ya ziwa hilo haiwezi kukaliwa na samaki.

Kwa hiyo mvuvi wa Kigoma hufuata kanuni nyingine. Dagaa hupanda juu usiku wakifuata vijidudu wanavyovila, na migebuka huwafuata dagaa. Taa za wavuvi huwakusanya. Wapo wavuvi wa migebuka watumiao mshipi mmoja wenye ndoana nyingi zilizofungwa manyoya au nyuzi ziking'aa, bila chambo halisi, wakiupandisha na kuushusha kando ya mtumbwi. Ufundi wa mkono ni ule ule wa mvuvi wa trauti, lakini sababu za kuchagua mahali na saa ni tofauti kabisa. Hapo mwalimu ana somo zuri la kuwaonyesha wanafunzi: jambo linalohama kutoka nchi hadi nchi ni swali. Jibu hapana budi litafutwe upya mahali ulipo.

Maji ya Malagarasi na fahamu za samaki

Sasa turudi Kasulu na Kibondo. Mto Malagarasi huanzia katika vilima vya mpakani mwa Tanzania na Burundi, na katika sehemu yake moja ndio mpaka wenyewe. Kisha huzunguka kwa upinde mkubwa, ukaingia katika vinamasi vipana vya mafunjo pamoja na mto Moyowosi, ukapita maziwa ya Sagara na Nyamagoma, na hatimaye ukaelekea magharibi kuingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Moyowosi, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000, lilikuwa la kwanza nchini Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu. Mto huu pia una historia ndefu kuliko ziwa linaloupokea. Wataalamu wanaona kwamba uliwahi kuwa tawi la mfumo wa Kongo kabla Bonde la Ufa halijazama na kufanya ziwa, na ndiyo maana baadhi ya samaki wake wana ndugu katika mto Kongo lakini hawaonekani katika Tanganyika yenyewe.

Katika maji kama hayo, chambo kipi kinafaa? Swali hilo haliwezi kujibiwa mpaka tuulize kwanza samaki anatumia fahamu gani.

Wakati wa masika mto hubeba udongo mwingi ukawa mwekundu. Nuru haipenyi mbali, na jicho la samaki halina kazi kubwa. Chambo king'aacho, kinachosifiwa sana katika maziwa meupe ya trauti, hapa kinazama gizani. Lakini kambare hana wasiwasi. Macho yake ni madogo. Badala yake ana sharubu nane kinywani, na sharubu hizo zina vionjo vingi vya ladha. Yeye huonja maji kabla hajaonja chakula. Nyama iliyoanza kunuka, utumbo wa kuku, au nyungunyungu waliopondwa hutoa protini iliyovunjika kuwa asidi za amino, nazo huyeyuka na kuchukuliwa na mkondo. Kambare hufuata njia hiyo ya ladha hadi kwenye ndoana. Hivyo basi, mvuvi wa kambare hatupi mshipi ovyo, bali huuweka juu ya mkondo, ili maji yenyewe yapeleke habari.

Perege ni kiumbe wa namna nyingine. Hula mimea midogo ya majini na vijidudu, na hutumia macho yake mchana. Kwake kidonge cha ugali au nyungunyungu mdogo kwenye ndoana ndogo kitafaa kuliko kipande cha nyama. Domodomo naye, mwenye kinywa kilichochongoka, hutafuta mabuu ya wadudu matopeni usiku kwa msaada wa umeme hafifu unaotoka mkiani mwake. Taa wala rangi hazimshawishi. Kisha mvua za kwanza zinaponyesha na kumbikumbi wanaporuka, wengi wao huanguka mtoni, na samaki walao juu ya maji huacha vyakula vingine vyote wakawafuata. Mvuvi mwenye akili hubadili chambo siku hiyo hiyo.

Lipo pia jambo ambalo wengi hulicheka mpaka waone kwa macho yao. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wavuvi wa kambare hutumia kipande cha sabuni ya kufulia kama chambo, na wanapata samaki. Mwanafunzi ajuaye kwamba sabuni hutengenezwa kwa mafuta na kostiki ana mahali pa kuanzia kutafuta sababu. Je, ni ladha ya mafuta? Je, ni weupe wake? Je, ni kule kuyeyuka kwake polepole usiku kucha, ambapo nyama huwa imekwisha kuliwa na samaki wadogo? Kila swali kati ya hayo laweza kupimwa kwa ndoo chache, samaki wachache na subira.

Jaribio lenye haki

Wahenga walisema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Sina nia ya kudharau ujuzi wa wazee wa mitumbwi. Ni hazina iliyokusanywa kwa vizazi. Lakini ujuzi huo umechanganyika na bahati, na wakati mwingine na dawa za mvuto zinazouzwa kwa bei kali. Sayansi haimwambii mzee kwamba ni mwongo. Inamwomba apime pamoja nasi.

Napendekeza jaribio lifuatalo, linalofaa kufanyika katika bwawa la samaki la shule au la kijiji. Wanafunzi wanne wachukue fito nne zinazolingana, zenye mishipi ya urefu mmoja, machubwi ya uzito mmoja na ndoana za ukubwa mmoja. Wawili watie nyungunyungu, wawili watie ugali. Ndoana zishushwe kwenye kina kimoja. Kila baada ya dakika 15 wabadilishane chambo na mahali pa kukaa, ili ustadi wa mtu au uzuri wa mahali usije ukahesabiwa kuwa sifa ya chambo. Mwanafunzi wa tano aandike: saa, joto la maji, kila mguso, kila samaki, urefu wake, na pia kila robo saa ambayo hapakupatikana kitu. Wengi huacha kuandika sifuri. Huo ni ufisadi wa hesabu, maana sifuri nayo ni habari.

Uangavu wa maji nao upimwe. Kifaa chake ni rahisi: sahani nyeupe iliyofungwa kamba yenye mafundo, ikashushwa mpaka isionekane. Kasisi na mnajimu wa Italia, Angelo Secchi, alitumia sahani ya namna hiyo baharini mwaka 1865, na mpaka leo wataalamu wa maziwa wanaitumia. Shule isiyo na maabara haiwezi kukosa sahani.

Tuseme samaki 10 wamepatikana, 6 kwa nyungunyungu na 4 kwa ugali. Je, tutangaze kwamba nyungunyungu ni bora? Hapa mwalimu wa hisabati aitwe. Kama vyambo viwili havina tofauti yoyote, kila samaki ni kama shilingi iliyorushwa. Kurusha shilingi mara 10 kuna matokeo 1,024 yanayowezekana, na katika hayo, matokeo 386 huupa upande mmoja tuliouchagua mara 6 au zaidi. Hiyo ni karibu asilimia 38. Kwa hiyo 6 kwa 4 haijathibitisha lolote. Lakini kama nyungunyungu wangeshinda kwa 9 au 10, hilo hutokea kwa bahati tupu katika matokeo 11 tu kati ya 1,024, yaani karibu mara moja katika 100. Sasa tuna sababu ya kuamini kwamba kuna jambo. Hata hapo jaribio lirudiwe siku nyingine, kwa sababu samaki watembeao kwa kundi hawafanyi uamuzi mmoja mmoja kama shilingi.

Dawa ya mvuto nayo ipimwe kwa njia hiyo hiyo. Nusu ya ndoana zipakwe, nusu zisipakwe, na mvuvi asijue ipi ni ipi. Kijana aliyefanya kazi hii kwa mikono yake hatadanganywa kwa urahisi atakapouziwa mbegu bandia, dawa bandia au maneno matupu.

Mwenye sumu hana swali

Sasa nifike kwenye jambo linaloumiza. Katika vijito vya nyanda za juu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, wapo watu wavuao kwa sumu. Wengine hutwanga majani ya utupa na kuyamimina kwenye kidimbwi. Wengine, wabaya zaidi, hutumia viuatilifu vya mashambani. Utupa una rotenoni, ambayo hupenya kupitia matamvua ya samaki na kuzuia chembehai zisitengeneze nguvu kutokana na chakula. Oksijeni ipo majini na imo mwilini, lakini mwili hauwezi kuitumia. Samaki hupanda juu akihema na kufa.

Sumu haichagui. Humwua kambare mzazi pamoja na watoto wake, huua mabuu ya wadudu ambao wangekuwa chakula cha samaki wa mwaka ujao, na kama ni kiuatilifu cha mashambani, yaweza kumfikia mama anayechota maji chini ya kijito na mtoto anayekula supu jioni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imepiga marufuku uvuvi wa sumu na wa baruti. Lakini askari mmoja hawezi kusimama kwenye kila kijito. Marufuku isiyoeleweka hungoja giza liingie ili ivunjwe.

Ndoana ina hali nyingine. Ukubwa wake huchagua ukubwa wa samaki. Chambo chake huchagua aina. Samaki asiyetakiwa aweza kurudishwa majini akiwa hai, hasa kama kile kimwiba cha ndoana kimebanwa kwa koleo. Mtu aliyekwisha kujifunza kwamba kambare huja usiku kwa harufu, na kwamba perege hupendelea ndoana ndogo mchana, anapata mboga ya nyumbani kwake bila kuua kijito kizima. Naamini kwamba wengi wa watumiao sumu hufanya hivyo si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu hawaoni njia nyingine ya haraka. Kuwafundisha njia hiyo ni kazi ya shule.

Ndoo moja juu ya kilima

Madhara ya pili hayajulikani sana, na nyanda za Kibondo na Kakonko ni mahali pake hasa pa kujadiliwa. Mwalimu wa jiografia na awachukue wanafunzi ramani mkononi. Maji ya Malagarasi huingia Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, huingia Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Upande wa kaskazini, maji ya mto Ruvubu huingia Kagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Naili, na kuishia Bahari ya Mediterania. Mifumo miwili ya mito mikubwa kabisa ya Afrika imetenganishwa hapa na vilima ambavyo mtu mwenye baiskeli huvivuka kwa siku moja.

Sasa fikiria mtu amefunga ndoo ya samaki wadogo walio hai kwenye baiskeli hiyo. Amewachukua bwawani upande mmoja ili wawe chambo, au mbegu ya bwawa jipya, upande wa pili. Jioni anamwaga waliobaki mtoni. Kwa kitendo cha dakika moja amevuka mpaka uliolindwa na ardhi kwa muda usiohesabika, na pamoja na samaki amevusha minyoo, vijidudu na magonjwa yao. Katika Malagarasi yupo perege aitwaye Oreochromis malagarasi, ambaye mtaalamu Ethelwynn Trewavas alimweleza kisayansi mwaka 1983 na kumpa jina la mto huo. Aina mbalimbali za perege huzaliana zikikutanishwa. Ukoo wa asili waweza kupotea taratibu bila mtu kuona mzoga hata mmoja.

Yaliyotokea Ziwa Viktoria yatufundishe. Sangara alipandikizwa huko katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka au kubaki chache mno. Ni kweli kwamba sangara ameleta fedha na viwanda. Ni kweli pia kwamba uamuzi ule haukuweza kurudishwa nyuma. Isitoshe, uvuvi wake kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi umedai vyambo hai kwa wingi, hasa vifaranga vya kambare. Chambo nacho ni samaki wa mahali fulani, ana wazazi wake na kazi yake majini.

Kanuni ya kufundishwa ni fupi: chambo hai kitumike katika maji yale yale kilikotolewa, na kilichobaki kisimwagwe mtoni. Nyungunyungu, kumbikumbi waliokaushwa, ugali na matumbo ya kuku vinatosha kwa mvuvi mwenye maarifa.

Pingamizi na majibu

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba ndoana haiwezi kulisha watu wengi. Ni kweli, sisemi kwamba nyavu halali ziachwe, wala kwamba wavuvi wa dagaa wa Kigoma watupe taa zao. Lakini hata huko ziwani neema ina mwisho. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila dagaa ni miezi mirefu katika nyumba ya maskini. Kama vijito na mabwawa ya nyanda za juu yangekuwa salama, pengo kama hilo lingepata mahali pa kuzibwa, japo kwa sehemu.

La pili, kwamba mto una mamba na viboko, na wanafunzi watapata ajali. Hoja hii ni nzito, na ndiyo sababu nimetaja bwawa badala ya mto. Mwanafunzi asipande mtumbwi kwa ajili ya somo hili pasipo jaketi la kuokolea na mtu mzima mzoefu, na afisa uvuvi wa wilaya aombwe ushauri na kibali mapema. Sehemu kubwa ya mafunzo yaweza kufanyika hata bila kuvua. Samaki walionunuliwa sokoni wapasuliwe matumbo, vyakula vilivyomo vitenganishwe na kuhesabiwa, na darasa lijue kila aina inakula nini katika mwezi huo. Tumbo la samaki huonyesha chambo chake kuliko kitabu chochote.

La tatu, kwamba mtihani hauulizi habari za chambo. Hapa nawageukia walimu wenzangu wa sayansi kwa heshima. Mtihani huuliza juu ya fahamu za wanyama, minyororo ya chakula, kuyeyuka kwa gesi, kutengeneza sabuni, uwezekano na takwimu, mabonde ya mito. Yote hayo tumeyagusa katika kurasa hizi chache. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tuunganishe darasa na maisha ya kijiji. Shule nyingi ziliitafsiri kuwa jembe, na jembe lina heshima yake. Lakini kujitegemea ni pamoja na kuweza kupata jibu lako mwenyewe pale ambapo kitabu kimeandikwa kwa ajili ya samaki wa nchi nyingine.

Pendekezo langu kwa shule za Kasulu, Kibondo na Kakonko ni hili. Kila shule iweke daftari moja la chambo, likae miaka yote, likiandikwa na kila kidato kinachofuata: tarehe, hali ya mvua, uangavu wa maji kwa sahani nyeupe, aina ya samaki, chambo, idadi, urefu, na sifuri zote. Mwishoni mwa kila mwaka shule zibadilishane daftari hizo. Baada ya miaka 10 kutakuwa na kumbukumbu ambazo mtafiti yeyote atakayekuja Malagarasi atalazimika kubisha hodi ili azione. Gharama yake ni kalamu, uzi, ndoana chache, na mwalimu mmoja aliye tayari kuanza muhula huu.